Waipa za Kuvuta Pumzi

Saa nane mchana, jua likiwaka juu ya Katubuka na ardhi ya gereji ikiwa imekauka kama kigae, waipa za lile gari kuukuu zilifuta kioo mara moja. Kwii. Zikafika mwisho, tap, zikarudi kulala.

Fundi Dismasi alikuwa amesimama mbele ya boneti. Injini ilikuwa imezimwa. Mpira unaoziendesha waipa zile ulikuwa mkononi mwake, haujaunganishwa popote.

Aliutazama mpira, akatazama kioo. Vumbi lilikuwa limefutika, upinde wa kushoto na upinde wa kulia, na pale palipofutwa palikuwa na unyevu, kana kwamba mtu alikuwa amekihemea kile kioo kwa karibu.

"Hewa imebaki ndani," alijisemea. Ndivyo mafundi wasemavyo wakikosa la kusema.

Waipa zile hazikuwa za umeme. Gari lilikuwa la Kiingereza, la mwaka hamsini na sita, na walioliunda waliamua waipa ziendeshwe na pumzi ya injini. Injini inapovuta hewa, mpira mwembamba huchukua sehemu ya mvuto huo na kuupeleka kwenye kopo la chuma chini ya dashibodi. Ndani ya kopo mna kibawa kilichovikwa ngozi. Kinavutwa huku, kinavutwa kule, na waipa zinafuata. Ubaya wake ni mmoja: gari likipanda mlima na dereva akakanyaga mafuta, injini haibaki na mvuto wa kugawa, na waipa zinasimama katikati ya mvua. Akiachia mguu, zinarudi mbio. Kigoma nzima walikuwa wamebaki mafundi wawili tu wanaozielewa, Dismasi na shemeji yake Fabian, maana wote wawili walifundishwa kazi na marehemu Mzee Adolf.

Kwa hiyo asubuhi ya siku ile, Jumatano, Dismasi alishangaa Fabian alipolileta gari hilo likivutwa kwa kamba.

"Waipa tu, shemeji? Si ungezifungua mwenyewe?"

"Mikono yangu inatetemeka siku hizi," Fabian alisema bila kumtazama. "Tangu Bariki augue silali."

Hilo Dismasi alilijua. Bariki alikuwa mtoto pekee wa Fabian na mkewe Rozalia, mwenye miaka saba, na kwa miezi mitatu kifua chake kilikuwa kimebanwa hata akawa analala ameketi. Hospitali walimpa dawa za kila namna. Fabian alikuwa amelinunua gari lile mwezi mmoja tu kabla ya ugonjwa, kwa warithi wa mfanyabiashara mmoja wa Ujiji, akitarajia kulikodisha kwenye harusi.

Rozalia naye alikuja. Alikuwa dada wa pekee wa Dismasi. Wazazi wao walipofariki yeye alikuwa na miaka mitano, na ni Dismasi aliyembeba mgongoni, aliyemsomesha kwa kuuza mawese, na aliyesimama mbele ya padri siku ya kumwozesha. Hakuwa na desturi ya kufika gereji kwa kuogopa grisi. Siku hiyo alileta ugali wa muhogo na samaki, migebuka ya kukaanga, akaketi kwenye tairi, akasubiri.

Dismasi alilifungua kopo. Ngozi ya kibawa ilikuwa imekauka na kujikunja. Akailainisha kwa mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, akasugua kutu, akaweka mpira mpya, akafunga. Likabaki jaribio.

"Ngoja nilete kile kibomba changu cha kuvutia hewa," alisema.

"Cha nini?" Fabian akadakia. "Vuta kwa mdomo, shemeji, kama Mzee alivyotufundisha. Mdomo haudanganyi."

Rozalia alikuwa ameshasimama. Aliushika ule mpira, akaifuta ncha yake kwa kona ya kanga, akamnyooshea kaka yake kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkubwa wake maji ya kunywa.

"Chukua, kaka."

Dismasi akavuta. Waipa zikaenda vizuri, lakini mdomo wake ulijaa ladha ya tope, tope la chini kabisa ya ziwa, lisilowahi kuona jua. Alipotaka kuutoa mpira, mpira ulikataa. Uling'ang'ania midomo yake, na kwa muda wa kufumba na kufumbua yeye ndiye aliyekuwa akivutwa. Kisha ukaachia.

Alikohoa huku akicheka. "Zina nguvu hizi!"

Fabian alicheka pia, ila kicheko chake kilikatika njiani. Rozalia hakuwa ameziangalia waipa hata mara moja. Alikuwa akikiangalia kifua cha kaka yake, na machozi yalikuwa yakimtiririka.

"Nini tena, mama?"

"Vumbi, kaka. Ni vumbi tu."

Waliondoka kwa bodaboda kabla chakula hakijaliwa, na kabla waipa hazijajifuta zenyewe ile saa nane. Gari, walisema, wangelifuata Ijumaa.

Ijumaa hawakuja. Ilikuja mvua.

Ilianza wakati wa chakula cha mchana. Gereji na nyumba vilikuwa kiwanja kimoja, na Dismasi alikuwa mezani na mkewe Veneranda, tonge mkononi, matone ya kwanza yalipogonga bati. Tonge likamdondoka. Alifungua mdomo kama samaki aliyetupwa mchangani. Veneranda aliruka, akampiga mgongoni akidhani amepaliwa na mwiba, lakini hapakuwa na mwiba. Kifua cha mumewe kilipanda, kikasimama, kikashuka, kikasimama. Kikipanda kilitoa mlio mwembamba, na kikifika juu kilikwama kidogo kabla ya kurudi.

Kwii. Tap.

Ndipo Veneranda alipotambua kwamba sauti ile hakuisikia mara moja bali mara mbili, moja ndani ya nyumba, kwenye kifua alichokishika kwa mikono yake, na nyingine nje, uani, kule lilikokuwa gari. Alisogea dirishani. Waipa zilikuwa zikifuta mvua, huku na kule, bila haraka, ndani ya gari lisilo na mtu, lililofungwa milango, lisilo hata na betri.

"Baba Melania," alinong'ona. Melania alikuwa binti yao, aliyeolewa Tabora. "Baba Melania, nani yuko kwenye gari?"

Dismasi hakuweza kujibu. Alishikilia meza hadi mvua ilipokatika, na ilipokatika, vyote viwili vilikoma kwa pamoja. Harufu ya tope na mpira uliooza ilibaki sebuleni hadi jioni.

Jumamosi alikwenda kupimwa. Walimpiga picha ya kifua, wakampulizisha kwenye mashine, wakamwambia mapafu yake ni ya kijana wa miaka ishirini. Aliporudi alichukua bisibisi, akaling'oa lile kopo chini ya dashibodi, akalifunga kwa kitambaa na kuliweka juu ya kabati la chumbani, mbali na gari, mbali na waipa, mbali na kila kitu linachoweza kukiendesha. Halafu akampigia Fabian. Simu haikupatikana. Akampigia dada yake.

"Kaka," Rozalia alipokea kwa sauti ya chini, na kabla ya salamu aliuliza, "mvua imenyesha huko?"

"Imenyesha jana. Rozalia, naumwa. Kifua."

Upande wa pili wa simu Dismasi alisikia mpira wa miguu ukigonga ukuta, na mtoto akicheka, kicheko kirefu cha mtoto anayekimbia.

"Huyo ni nani?"

"Ni Bariki."

"Amepona?"

"Amepona, kaka."

"Tangu lini?"

"Jumatano," Rozalia alisema, akakata simu.

Dismasi alibaki na simu sikioni. Alifurahi, kwa kuwa alimpenda yule mtoto. Furaha yake ilifika nusu ikasimama, na hakujua ni kitu gani kilichoizuia.

Mvua ya pili ilinyesha Jumapili alfajiri. Veneranda aliamshwa na ubaridi. Mumewe alikuwa ameketi kitandani, macho yamemtoka, mikono yote miwili imeshika koo, na juu ya kabati lile kopo lilikuwa likizungusha ekseli yake ndani ya kitambaa, huku na kule, huku na kule, kama mnyama mdogo anayejigeuza usingizini. Kioo cha dirisha kilikuwa kimejaa ukungu wa pumzi zao, na katika ukungu ule, kwa upande wa ndani, pinde mbili zilikuwa zikifutika polepole bila mkono wala kitambaa, na kila zilipofutika zilionyesha uani penye mwanga hafifu wa asubuhi, na mara ya kwanza Veneranda aliona uani mtupu, na mara ya pili aliona kitu kirefu kinachochuruzika maji kimesimama kando ya gari, na mara ya tatu hakukiona kando ya gari kwa sababu kilikuwa kimekaribia, kimeweka mdomo wake kwenye kioo, mdomo wa duara usio na midomo, mweusi, mtupu, kama ncha ya mpira, na kilikuwa kikivuta.

Hakupiga kelele. Alimkumbatia mumewe, akauweka mdomo wake juu ya ule wa mumewe, akampulizia pumzi yake mwenyewe, tena na tena, hadi mvua ilipopita.

"Twende Ujiji," alimwambia, midomo yake ikiwa imekufa ganzi. "Leo hii. Sitaki kusikia habari ya misa."

Bi Shadia aliishi Kasingirima, huko huko Ujiji. Alikuwa mkunga kwa miaka mingi kabla hajaanza kuwatibu watu waliopandwa na majini, na hata sasa alimshika mgonjwa kama mkunga, bila woga wala haya. Alimlaza Dismasi kifudifudi mkekani, akafukiza ubani, akaweka sikio mgongoni pake. Alisikiliza kwa muda mrefu.

"Ulikunywa nini?" aliuliza.

"Sikunywa kitu, Bi Shadia. Nilivuta. Mpira wa gari."

"Nani alikushikia?"

Veneranda ndiye aliyejibu. "Wifi yangu. Rozalia."

Bi Shadia aliinua kichwa. Uso wake ulibadilika, si kwa hofu, bali kama mtu aliyesikia msiba alioutarajia. Aliirudisha kanga begani, akaweka kiganja kati ya mabega ya Dismasi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wewe uliyemo humu. Nani aliyekuleta?"

Kilichojibu kilitumia mdomo wa Dismasi, lakini hakikusema kama binadamu asemavyo. Binadamu husema akitoa pumzi. Hiki kilisema kikiivuta, kila neno likiingia ndani badala ya kutoka, na moshi wa ubani ukageuka kutoka dirishani ukaanza kuelekea kwenye mdomo ule.

"Nilipewa."

"Na nani?"

"Mwenye mtoto."

"Na huyu, alikubali?"

Kikavuta pumzi ndefu iliyokuwa kama kicheko. "Hakuulizwa."

Dismasi alipozinduka, Veneranda alikuwa akilia kimya kimya kwenye kona. Bi Shadia alimpa maji, akaketi mbele yake.

"Nitakwambia yote, maana umedhulumiwa vya kutosha," alisema. "Yule mfanyabiashara aliyekuwa na gari alijichukulia jini la kumlinda njiani. Akalitengea makazi kwenye kile kikopo, kwa kuwa majini ya namna hii hukaa mahali pasipo hewa na huishi kwa pumzi ya mwingine. Mwishowe lilimmaliza yeye. Gari likauzwa. Mtoto akachezea injini, akatia mpira mdomoni, likaingia kwake."

"Wewe umejuaje?"

"Walikuja hapa. Baba na mama. Mwezi uliopita." Bi Shadia alitazama mikono yake. "Niliwaambia kwamba kwa baba halihamii, kwa kuwa linafuata damu ya upande wa mama. Kwa mama halihamii, kwa kuwa pumzi ya aliyezaa linaihesabu ni ileile ya mtoto. Amebaki mjomba. Nikawaambia: nendeni mkamwombe. Akilipokea kwa hiari yake, lina mlango wa kutokea. Kesho yake mnamleta hapa, nalitoa kwa bakuli la maji, na kila mtu anakwenda nyumbani kwake."

Dismasi hakuelewa mara moja. Halafu akaelewa. "Uliwaambia waniombe."

"Kwa mdomo wangu. Mama yake mtoto aliniuliza, na akikataa je? Nikamwambia basi atakuwa amekataa. Hawakurudi. Nilisikia walipanda boti kwenda Mwamgongo kwa mganga mwingine, na huyo bila shaka aliwaambia walichotaka kusikia: kwamba mtu anaweza kuvutishwa bila kujua, ncha ya mpira ikifutwa kwa nguo yenye mate ya mtoto. Ni kweli anaweza. Lakini jini lililoingia kwa hila halina mlango mwingine isipokuwa kule lilikotokea."

"Yaani?"

"Yaani umrudishie mtoto. Mpira uleule, mdomo wake, pumzi moja tu. Utapona hapo hapo."

Nje, mtu alikuwa akipita anauza dagaa, na sauti yake ilisikika vizuri sana.

Walifika kwa Rozalia saa tisa. Dismasi alikuwa amelibeba kopo na mpira wake kwenye mfuko wa kitambaa. Mtu wa kwanza kumwona alikuwa Bariki. Alikuwa akicheza mpira peke yake uani, mwembamba bado, lakini mwenye rangi mashavuni, na alimkimbilia hadi akamgonga tumboni.

"Shikamoo, mjomba! Mjomba, tazama!" Alikimbia hadi kwenye ukuta na kurudi. "Sikohoi!"

"Marahaba," Dismasi alisema. "Nimeona, mwanangu."

Rozalia alitokea mlangoni. Aliuona mfuko. Hakuuliza una nini. Alikuja mbio akapiga magoti kati ya kaka yake na mtoto, mikono imetanuka, kanga imeanguka.

"Mawe, mama yangu! Kaka, nakuomba. Kaka, siyo yeye. Nakuomba!"

"Bariki," Dismasi alisema taratibu, "nenda kacheze kwa jirani."

Mtoto alikwenda akigeuka nyuma. Fabian alikuwa amesimama ndani ya giza la mlango, na hakutoka.

"Sasa unaniomba," Dismasi alisema. "Unajua kuomba, kumbe. Inuka."

Hakuinuka.

"Bi Shadia alikwambia uniombe. Kwa nini hukuniomba?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba utakataa." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ungekataa, mwanangu angekufa. Nilifikiri usiku na mchana. Nikasema siwezi kubahatisha."

Dismasi alimtazama dada yake. Kwa muda alimwona yule wa miaka mitano, mgongoni pake, akimpumulia shingoni njiani kwenda shule. Halafu hakumwona tena.

"Kubahatisha," alirudia. "Mimi nilikuwa bahati nasibu kwako, Rozalia? Tangu lini nilikunyima kitu?"

"Hujawahi."

"Basi?"

Veneranda, aliyekuwa amesimama nyuma kwa muda wote huo, alisogea akamshika mumewe kiwiko. "Wingu linakuja, baba Melania," alinong'ona. "Kama unafanya, fanya."

Wingu lilikuwa likija kweli, kutoka upande wa Kongo, jeusi, likiwa limelifunika ziwa nusu. Kwa jirani, Bariki alikuwa akipiga kelele za goli. Dismasi aliusikiliza ule mguno wa kwanza wa radi, akahisi kifua chake kikianza kujikunja kama ile ngozi iliyokauka. Akaukaza mfuko kwapani, akageuka kuelekea barabarani.

"Asante, kaka," Rozalia alisema kwa kwikwi. "Mungu akulipe. Asante."

Dismasi alisimama bila kugeuka. "Usinishukuru. Anashukuriwa aliyetoa. Mimi nimeibiwa."

Mvua iliwakuta kwenye bajaji, na Veneranda alimpulizia pumzi njia nzima, dereva akidhani ana wazimu.

Nyumbani, ilipokatika, Veneranda aliketi sakafuni, amechoka, na kusema neno alilokuwa amelibana tangu Ujiji. "Umemchagua mtoto wao. Sikulaumu, hata mimi nisingeweza. Ila ni mimi nitakayekupulizia kila mvua hadi nizeeke, na wewe pia hukuniuliza."

Neno lile lilimchoma Dismasi kuliko yote ya siku hiyo, kwa sababu lilikuwa kweli. Aliomba msamaha. Kisha alibaki ameliangalia kopo mezani kwa muda mrefu, kama fundi aangaliavyo kitu kilichokataa kutengenezeka.

"Linataka pumzi," alisema hatimaye. "Kuhama ndiko kunakotaka damu; kula ni pumzi tu. Si ndivyo alivyosema Bi Shadia? Pumzi ya mwingine."

"Ndiyo. Sasa?"

"Injini ina pumzi."

Alifanya kazi hadi jua lilipotua. Alilirudisha kopo chini ya dashibodi, akaunganisha mpira, akaufunga kwa vibano viwili, akaweka betri, akasafisha kabureta, akaliwasha gari. Siku mbili baadaye mvua iliponyesha alikimbilia ndani ya gari huku koo likijifunga, akageuza ufunguo. Injini ikanguruma, ikatulia. Waipa zikaruka, zikaanza kufuta kwa kasi ya furaha, karibu ulafi. Na kifua cha Dismasi kikafunguka.

Hivyo ndivyo alivyoishi masika hayo. Mvua ikinyesha, alikaa ndani ya gari na jini likanyonya injini badala yake. Hakusafiri. Hakulala mbali na ufunguo. Bi Shadia alikuja mara moja kuona, akatikisa kichwa, akasema hajawahi kusikia jini linalonyweshwa petroli, lakini kama limekubali, limekubali; asiiache tu injini izimike.

Fabian hakulifuata gari lake, na hakuna aliyeuliza.

Mwezi wa Machi, Rozalia alikuja. Ilikuwa adhuhuri, mvua ndiyo kwanza imeanza, na Dismasi alikuwa tayari kwenye kiti cha dereva, injini ikiunguruma polepole. Alimwona akiingia getini na dumu la petroli kichwani, amelowa chapachapa. Alilitua mbele ya gari, akakunja goti.

"Shikamoo, kaka."

Dismasi aliisikia vizuri, dirisha likiwa wazi kidogo. Tangu dada yake aanze kusema, salamu hiyo haikuwahi kukosa jibu. Alipandisha kioo hadi juu.

Rozalia hakuondoka. Alisimama palepale mbele ya boneti, mikono kifuani, midomo ikienda. Pengine alikuwa akiomba msamaha, pengine akieleza. Kila waipa zilipopita, uso wake ulitokea wazi kabisa, macho mekundu, jino la mbele lililomeguka utotoni, maji yakaufunika, waipa zikaufuta tena, zikamrudishia tena, hazikuchoka kumrudishia. Dismasi aligeuza macho pembeni, lakini shingo yake ilimrudisha. Na alijua kwamba akiendelea kumwangalia hivi atafungua mlango, atasema marahaba, na mambo yataonekana kama hayakutokea.

Akakanyaga mafuta.

Injini iliunguruma kwa nguvu, na waipa zikapungua, zikasita, zikasimama katikati ya kioo. Maji yakateremka juu ya uso wa Rozalia, ukakunjamana, ukawa rangi tu, ukapotea. Na papo hapo lile lililokuwa likinyonya injini likakosa cha kunyonya, likamgeukia yeye. Alilihisi likiingia kooni kama mkono. Kifua kilijifunga. Masikio yakaanza kuvuma, ladha ya tope ikajaa mdomoni, na vidole vyake vilikwaruza usukani, lakini mguu hakuuondoa. Alihesabu moyoni hadi ishirini, hadi thelathini, macho yameganda kwenye kioo kisichoonyesha kitu.

Alipoachia, waipa ziliruka zikafuta kioo kwa pigo moja.

Uani hapakuwa na mtu. Geti lilikuwa limerudishwa taratibu, kama lifungwavyo na mtu asiyetaka kusikika. Dumu lilikuwa palepale kwenye matope, mvua ikiligonga.

Veneranda alitoka barazani akiwa amejifunika gunia kichwani. Aliliangalia dumu, akamwangalia mumewe kupitia kioo, akisubiri aambiwe la kufanya.

Dismasi alikuwa bado hajaweza kusema. Alimwonyesha kwa mkono aliingize dumu ndani, maana mshale wa mafuta ulikuwa umekaribia mwisho, na mvua kubwa ya upande wa Kongo ilikuwa haijafika.